KUHESABU MALI HAKUONDOI BARAKA

 

Ndugu zetu, mwaka uliopita wenzetu wa darasa walinitaka niende Nyeri, mji ulio kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, nikae na ndugu zetu Waislamu wa huko mwezi mzima wa Shaabani, tusomeshane baada ya swala ya alasiri hukumu za saumu kabla Ramadhani haijaingia. Niliporudi Mombasa wengi waliniuliza khabari za baridi. Baridi ipo, wala sina la kuongeza. Khabari niliyorudi nayo ni nyengine, nami naiandika hapa kwa kuwa naona yatuhusu sisi wa pwani zaidi ya inavyowahusu wao.

Waislamu wa miji ile si wageni kwetu. Waingereza walipoweka boma lao Nyeri mwaka 1902, walipanda nao wapagazi, askari na wachuuzi, na miongoni mwao walikuwamo watu wa pwani. Vizazi vya watu wale viko hata leo katika mitaa ya Majengo ya Nyeri na Nanyuki, na katika mtaa uitwao Mjini huko Murang'a, wakiwa wamechanganyika kwa ndoa na Wakikuyu, na kwa ujirani na Wanubi na Wasomali. Ukiingia nyumbani mwao utaona kanzu na kofia, utanusa pilau, utasikia maulidi yakisomwa kwa mahadhi ya kwetu. Babu zetu waliwapelekea dini, na katika hilo twawaombea malipo mema. Lakini pamoja na dini waliwapelekea na itikadi nyengine ambazo si dini, na moja katika hizo ndiyo iliyonifanya nikalishika kalamu.

Katika Majengo ya mji ule palikuwa na mzee mmoja mwenye duka. Sitamtaja jina, kwani amekwisha kwenda mbele ya haki na watoto wake wako hai. Alikuwa mtu wa msikitini, mkarimu, asiyemrudisha mwenye njaa mlangoni pake. Alikopesha unga, sukari, mchele na mkaa mtaa mzima, naye akichukua bidhaa kwa mkopo kwa wauzaji wa jumla. Wala hakuandika chochote. Siku moja, tulipokuwa tumekaa kibarazani pake, nilimuuliza vipi azijua fedha zake na za watu. Akacheka, akagusa kofia yake, akasema: "Sheikh, yote yako humu. Mali ukiyahesabu yakimbia. Wazee wetu hawakuhesabu, na baraka ilikuwapo."

Sikumjibu. Nilimwonea haya kwa umri wake, na nilijiambia kuwa iko siku tutalizungumza jambo hilo darasani. Hilo ni kosa langu, nami nalikiri.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ya tatu akafa ghafula, na kichwa kile tukakizika baada ya swala ya Ijumaa.

Kabla hajaswaliwa, imamu alisimama kama ilivyo ada njema ya Waislamu, akauliza: ni nani amdaiye marehemu? Wakasimama watu saba. Tulipojumlisha madai yao baadaye yalifika shilingi 94,000, na wanawe walikuwa hawana khabari ila ya 30,000. Kisha imamu akauliza tena: ni nani adaiwaye na marehemu? Nanyi nyote mwajua jawabu. Msikiti mzima, uliojaa watu waliokula unga wa mzee yule kwa miaka, ulinyamaza. Sisemi kuwa wote walikusudia dhuluma. Wengine walikuwa hawajui wenyewe wadaiwa kiasi gani. Wengine walijisemea kuwa mzee alikwisha kuwasamehe moyoni. Na wengine walitazama mlangoni wakingoja mtu mwengine asimame kwanza.

Siku ya tatu, nyumba ilikuwa katika moshi wa kupika. (Haya ya kupikia watu katika msiba tumeyasema mara nyingi. Bwana Mtume, alipopata khabari ya kufa Jaafar, aliamrisha watu wawapikie chakula jamaa zake. Sisi tumeigeuza, jamaa wa maiti ndio watupikiao. Na mchele wa siku ile, ndugu zangu, nao ulikopwa.) Akaingia mwanamke mmoja wa Kikuyu, mtu mzima, muuza viazi na kabichi katika soko la Karatina, amejifunga leso kichwani na amekamata daftari la shule lililokunjamana. Akamkalia mjane, akamshika mkono, akasema: "Pole sana, mama. Mimi nilikuwa na deni ya mzee. Imeandikwa hapa." Akafungua. Palikuwa na tarehe, palikuwa na magunia ya viazi aliyompa mzee, na mchele na sukari aliyochukua kwake, kila kitu kwa bei yake. Na chini, baada ya kutoa na kujumlisha, shilingi 6,400 za mzee. Akazihesabu akaziweka juu ya mkeka.

Kiswahili chake kilikuwa cha bara, chenda upande. Nakiri kuwa nilikuwa karibu kutabasamu. Kisha nikazitazama zile namba zilizonyoka, na nikazikumbuka zile saba tulizozisikia msikitini, na haya zikanishika. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani nzima, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, haisemi habari za swala wala za hija. Yasema habari za deni. Yaamrisha kwamba tukikopeshana kwa muda maalumu tuandike. Kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu. Kwamba mdaiwa ndiye atakayesema kiasi kiandikwe, na akiwa hana uwezo wa kusema basi msimamizi wake amsemee. Kwamba wawepo mashahidi. Na kwamba tusione uzito wa kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Aya hii imeshuka kwetu. Twaisoma katika khitma kila Ramadhani kwa tajwidi nzuri. Na daftari limo mkononi mwa muuza viazi wa Karatina.

Sasa na tuitazame itikadi ya mzee wetu kwa insafu, kwani wenye kuishika hawakuizua hewani. Wana hadithi mbili sahihi. Ya kwanza ni ya Bibi Asmaa, binti wa Sayyidna Abubakar, ambaye Bwana Mtume alimwamuru atoe wala asihesabu, asije Mwenyezi Mungu naye akamhesabia. Ya pili ni ya Bibi Aisha, aliyesimulia kuwa Mtume alipofariki palikuwa na shayiri kidogo nyumbani mwake, akaila muda mrefu mpaka siku aliyoipima, na alipoipima ikamalizika. Hadithi zote mbili wamezipokea Bukhari na Muslim, na wazee wetu walizisikia kwa masheikh wao, wakajenga juu yake nyumba ya kutohesabu kitu.

Lakini yule yule Bukhari amepokea kwa Miqdam bin Maadikarib kuwa Mtume aliamrisha watu wapime chakula chao ili wabarikiwe. Je, maneno ya Mtume yatagongana? Hasha. Wanavyuoni walioshereheshа hadithi hizi, na Ibn Hajar ni mmoja wao, wamesema kuwa kupima kuliko na baraka ni kule kwa kuuza na kununua, penye haki ya mtu wa pili. Na kuhesabu kulikokatazwa ni kule kwa bahili, ambaye kila akitaka kutoa sadaka huhesabu kilichobaki mpaka mkono wake ukarudi mfukoni. Bibi Asmaa hakuambiwa asijue ana nini. Aliambiwa asizuie. Mzee wetu alikuwa mkarimu, na kwa ukarimu wake alikuwa na sehemu katika hadithi ile. Lakini mchele wa muuzaji wa jumla haukuwa sadaka yake, ulikuwa haki ya mtu.

Na ikiwa bado moyo wa msomaji hautulii, na aikumbuke khabari ya Jabir bin Abdillah. Baba yake aliuawa shahidi Uhud, akaacha mabinti na deni kubwa la tende. Jabir alilijua deni lile kwa kipimo: wasaki thelathini kwa mdai mmoja. Mavuno ya shamba hayakutosha, na wadai hawakukubali kupunguza. Bwana Mtume akamwamuru azitenge tende kila namna peke yake, kisha akaja akakaa, na akamwambia awapimie watu. Wakapimiwa mmoja mmoja mpaka kila mtu akapata haki yake timamu, na tende zikabaki kana kwamba hazikuguswa. Baraka ilishuka wakati wa kupima, mbele ya wadai, kibaba kikiwa mkononi! Vipi basi tuambiane kuwa kibaba chaifukuza?

Zaidi ya hayo, hebu mwenye kukataa hesabu anijibu: zaka huitoaje? Sharia imeweka nisabu, nayo ni dhahabu ya kiasi cha gramu 85, au fedha ya gramu 595, au thamani yake katika mali ya biashara na fedha za mkononi; ikipitiwa na mwaka wa Kiislamu, ni wajibu kutoa robo ya ushuri, yaani shilingi mbili na nusu katika kila mia. Asiyehesabu hajui kama nisabu imetimia, wala hajui mwaka wake ulianza lini. Hutoa sarafu katika mwezi wa Ramadhani kwa wanaopita mlangoni, akadhani ameitekeleza nguzo ya tatu ya Uislamu. Huenda ikawa amezidisha, na huenda ikawa haki ya mafakiri imo ndani ya duka lake tangu mwaka juzi.

Wako wasemao kuwa riziki imekwisha kuandikwa, na kwamba kupanga matumizi ya mwezi ujao ni upungufu wa tawakali. Hawa sitakaa nao sana, kwani jawabu lao kila mtoto wa chuoni alijua: yule bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, aliambiwa amfunge kisha atawakali. Nabii Yusuf aliwapangia Wamisri chakula cha miaka kumi na minne. Na Bwana Mtume mwenyewe, aliye mbora wa wenye kutawakali, amepokewa na Sayyidna Omar kuwa aliwawekea watu wa nyumbani mwake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Kama kuweka ni kumshuku Mola, basi na tuseme wazi ni nani tunayemtuhumu.

Neno zito zaidi ni lile lisemwalo kwa sauti ya chini, nami nimelisikia Mombasa, nimelisikia Lamu, na nililisikia tena Majengo ya Nyeri: kwamba sisi si watu wa fedha. Kwamba fedha zina wenyewe, wengine wana mikono yake, nasi tumepewa dini na ustaarabu. Kwanza, neno hili ni jipya. Maneno yenyewe ya hesabu yasemwayo leo katika soko la Karatina, na hesabu, na daftari, na bei, na faida, na hasara, na mizani, na rasilimali, yote yamepanda mlima kutoka pwani, vinywani mwa babu zetu waliokuwa wakifanya biashara na Hindi na Arabuni kwa majahazi. Haiwezekani watu wawafundishe wenziwao maneno ya kazi wasiyoiweza. Pili, Waafrika wa bara nao waliambiwa hivyo hivyo, na wao waliambiwa kwa sheria ya serikali. Wakati wa ukoloni ilikuwapo sheria katika Kenya ya kuzuia Mwafrika asikopeshwe; deni lake likipita shilingi 200 bila ya idhini ya ofisa, mdai hakuweza kulidai mahakamani. Walifanywa kama watoto wasioweza kuaminiwa na fedha. Wengine waliamini. Na wengine hawakuamini, na khabari ya hawa nataka kuieleza kidogo.

Katika vita vya Mau Mau, serikali ilitangaza hali ya hatari mwaka 1952, na kuanzia mwaka 1954 ikawahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja kwa nguvu, ikawatia katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na kulindwa na askari. Hali ya hatari ilipoondolewa mwaka 1960, wanawake wengi wa Nyeri na wilaya za jirani walirudi katika mashamba yao bila ya waume, ama wamekufa, ama wametoka kizuizini bila ya kitu, ama wamekwenda mijini kutafuta kazi. Nyumba zilikuwa za nyasi, na mvua ya mlima ule haina huruma. Bati moja halikuweza kununuliwa na mwanamke mmoja. Basi wakaungana katika vikundi, kwa desturi yao ya ngwatio, ya kulimiana shamba kwa zamu. Wakawa wanalima mashamba ya watu kwa ujira, kila mmoja akitoa shilingi chache, na zikitimia wakanunua mabati ya nyumba moja. Kisha nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Watu wakaviita vikundi vya mabati, na jina hilo limeingia katika vitabu vya tarikhi. Walipokwisha kuezeka, wengi wao hawakuvunja kikundi. Wakaendelea wakanunua matangi ya maji na ng'ombe wa maziwa.

Nawaomba mkitazame kisa hiki vizuri. Wanawake wale hawakuwa na akiba ya mtu, wala benki iliyowajua. Kila mmoja wao akiwa peke yake angeweza kusema, na kusema kweli, kuwa shilingi mbili si fedha za kuwekwa. Kilichowapa paa ni kuwa zilihesabiwa, zikaandikwa, na kila mmoja alijua zamu yake ni lini na deni lake kwa wenziwe ni kiasi gani.

Hapa atainuka mtu aseme: hayo ni ya wasiokuwa Waislamu, tusiwaige. Ndugu yangu, mama yako alikuwa akicheza mchezo mtaani, au upatu, au kibati kama waitavyo wengine, na jambo hilo ni lile lile. Na hukumu yake si ngeni katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Sheikh Al-Qalyubi, katika hashia yake juu ya sherehe ya Al-Mahalli ya kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, ameutaja mchezo wa wanawake wa zama zake, ulioitwa Jumaa, ambao mwanamke mmoja hutwaa kwa kila mwenziwe kiasi maalumu kila wiki au kila mwezi, akapewa mmoja baada ya mmoja mpaka wa mwisho. Akasema kuwa wafaa, kama alivyosema Waliyyuddin Al-Iraki. Al-Iraki huyo alikufa mwaka 826 wa Hijra. Ni zaidi ya miaka mia sita wanavyuoni wetu waujua mchezo na wauruhusu, kwa kuwa hauna ziada. Kila mtu atoa alichotwaa. Sharti ni amana, na amana hulindwa kwa kuandika. Nimeona michezo mingi ya mtaani ikivunjika kwa ugomvi, na ninapouliza daftari liko wapi huambiwa kuwa "sisi ni ndugu, hatuandikiani".

Maneno haya, kuwa kuandikiana ni kutoaminiana, ndiyo yaliyoharibu nyumba nyingi za pwani. Ni kweli kuwa wengi katika wanavyuoni wamesema amri ya kuandika deni ni ya sunna, si ya faradhi, kwa sababu aya ifuatayo yawaachia waaminianao. Lakini sunna iliyoelezwa kwa urefu ule, mpaka khabari ya mwandishi na mashahidi, kuiona ni matusi ni ajabu. Mtu akikuandika hakukutukana. Amekulinda na mauti. Mtume alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ana deni, na aliambiwa mara moja kuwa mtu yule ana deni la dinari chache na hakuacha cha kulilipa. Akawaambia watu wamswalie mwenzao, naye mwenyewe akajizuia, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Baadaye Mwenyezi Mungu alipomfungulia nchi, Mtume mwenyewe akawa alipa madeni ya waumini waliokufa hawana kitu. Sasa angalieni: Abu Qatada aliweza kulichukua kwa kuwa lilijulikana ni dinari ngapi. Deni la mzee wetu wa Majengo, ni nani angelichukua? Lilikuwa 30,000 au 94,000?

Na wako watu wa namna nyengine, khasa vijana, ambao hawaogopi hesabu bali wameiachia simu iwahesabie. Tangu fedha za simu zilipoanza Kenya mwaka 2007, na mikopo ya simu mwezi wa Novemba 2012, kijana wa Majengo na kijana wa Mombasa hukopa usiku akiwa kitandani. Mkopo ule wa kwanza ulitoza asilimia 7.5 kwa siku thelathini, na ukaitwa ada. Chukua daftari ufanye hesabu. Mwenye kukopa shilingi 1,000 kila mwezi, akalipa na kukopa tena, mwaka ukiisha ametoa shilingi 900 za ada, na elfu yenyewe bado ni deni. Kubadilisha jina la riba hakubadilishi riba. Lakini nimewaona pia watu wema ambao, kwa kuikimbia riba, wameikimbia na akiba, wakaziweka fedha chini ya godoro mpaka zikaibwa au zikaliwa na arusi. Hawana udhuru huo tena. Tangu mwaka 2008 ziko katika Kenya benki zinazoendeshwa kwa taratibu za sharia, na mchezo wa mtaani uko tangu enzi za Al-Iraki.

Nimetaja arusi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, aliwakemea watu wa pwani kwa israfu ya arusi na matanga. Karibu miaka mia imepita, na kadi za arusi zimekuwa nzito zaidi. Sina la kuongeza juu ya maneno yake, ila swali moja kwa kila baba: gharama ya arusi ya binti yako wa mwisho, waijua? Si uliyoisema mbele ya watu. Ile yenyewe.

Turudi Nyeri. Baada ya yule mama wa Karatina kuondoka, tulikaa na wanawe marehemu. Tukawakumbusha kuwa Mwenyezi Mungu katika aya za mirathi ameitanguliza wasia na deni kabla ya fungu la mrithi yeyote, kwa hivyo duka lile halikuwa lao bado. Katika wale wadai saba, wawili, muuzaji wa jumla na mwenye mashine ya kusaga unga, walileta vitabu vyao, na haki yao ikaonekana wazi kuwa ni shilingi 38,000. Watano waliobaki walikuwa na maneno matupu, jumla yake 56,000. Mashahidi hawakupatikana. Palisemwa maneno makali nyumbani kwa mjane, mengine sitayaandika, na mmoja wa wanawe alitaka kuwafukuza. Mwisho, baada ya siku nne, wakasuluhiana kwa 21,000. Je, walidhulumiwa wale watano, au walidhulumiwa mayatima? Mimi niliyekuwapo sijui, na hakuna mtu duniani ajuaye. Aliyejua tumemzika.

Ijumaa iliyofuata, imamu akaniachia mimbari. Sikuhutubia juu ya saumu. Niliwasomea aya ya deni yote, kisha nikawaeleza khabari ya muuza viazi, bila ya kumtaja, ingawa nusu ya msikiti walikwisha kumjua. Jioni ile walikuja watu wawili nyumbani kwa mjane. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wametimia tisa. Mmoja alikuwa mzee aliyekaa safu ya mbele siku ya jeneza. Alitoa shilingi 800 akalia, akasema alikuwa akingoja aulizwe peke yake. Pamoja na zile za mama wa Karatina zikafika 17,600. Bidhaa za duka ziliuzwa kwa 24,000.

Binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyejitolea kulibeba lililobaki juu yake, na wadai wakaridhia. Sasa yeye ndiye akaaye dukani asubuhi kabla ya masomo. Amenunua daftari lenye mistari, na siku moja nilimkuta amemwandikia mtoto wa jirani chumvi ya shilingi 20. Mtoto akamwambia, "Dada, ishirini nayo yaandikwa?" Akamjibu kuwa yaandikwa, na akampa kalamu atie jina lake mwenyewe.

Ukurasa wa kwanza wa daftari lile una jina la baba yake, na mbele yake shilingi 17,400. Siku nilipopanda basi kurudi Mombasa, zilikuwa zimebaki 14,900.